Mdomo wa Kipande cha Mwisho

Katika kazi ya Chigusa Uehara, mdomo wa binadamu una hali tatu: umefumba, umefunguka nusu, umefunguka wote. Kwa hizo tatu tu mhusika wa filamu ya katuni anaweza kuomba chumvi, kumtukana jirani, au kumuaga mama yake kabla ya kupanda chombo cha kwenda angani. Mchoraji hahangaiki na maneno yenyewe. Anazipanga zile tatu kwa zamu, zinapokezana haraka haraka, na baadaye mwigizaji wa sauti anakuja kumimina maneno juu yake. Mtazamaji aliyekaa nyumbani hajui kwamba "nakupenda" na "wali umeungua" vimechorwa kwa midomo ileile.

Chigusa alikagua midomo hiyo kwa miaka ishirini, katika studio ya ghorofa mbili mtaani Nerima, Tokyo. Wengine walichora picha za msingi, zile zinazobeba tendo lenyewe. Wengine wakachora picha za kati, zile zinazolijaza pengo kati ya mkono ulioshuka na mkono ulioinuka. Yote yakiisha, karatasi zilitiwa kwenye bahasha kubwa yenye namba ya kipande, na bahasha ikatua mezani kwake. Alizipekua kwa vidole vya mkono wa kushoto, karatasi baada ya karatasi, akatoa iliyokosewa. Alikuwa mlango wa mwisho kabla ya rangi. Yeye hakukaguliwa na mtu.

Alizaliwa milimani, mkoa wa Nagano, katika mji wa kando ya ziwa linaloganda kila Januari. Baba alilima saladi, mama alitengeneza miso, kiungo cha soya iliyochachushwa, na kusema lolote lililomjia mdomoni. Mtoto wao wa pekee akawa mkimya, na mama alizoea kuwaambia wageni, "Huyu nilimzaa nikiwa nimechoka."

Shule ya sekondari ilikuwa na chama cha wachora katuni chenye wanachama wawili. Wa pili aliitwa Haruomi Kanzaki, mtoto wa mwenye duka la viatu. Haruomi hakujua kuchora hata paka. Alichoweza ni kusimulia. Alikaa karibu na jiko la mafuta ya taa, soksi zikitoa mvuke, akisimulia habari ya dunia ambayo jua lake limeanza kupoa na ziwa haliyeyuki tena. Kijana mmoja anajenga chombo cha kupasua barafu na kupaa kwenda kutafuta jua jingine. Msichana mmoja anabaki chini, akishika kamba ya mwisho mpaka chombo kipate nguvu, kisha aiachie. Haruomi alisimulia, Chigusa akachora. Mmoja alikuwa mdomo, mwingine alikuwa mkono, na kwa miaka mitatu ilionekana kama mtu mmoja mzima.

"Tukiwa wakubwa tutaitengeneza," Haruomi alisema siku moja ya Februari. "Kwenye sinema za kweli, si kwenye ukuta wa chumba hiki."

"Nani atatupa pesa?"

"Wee, usianze na ya pesa. Mimi nitaongoza. Wewe utachora kipande cha mwisho, pale anapoiachia kamba. Picha ya mwisho itakuwa yako."

"Na mengine yote nani atachora?"

"Watu. Dunia ina watu wengi." Akanyoosha kidole chake kidogo. "Lete."

Wakafunganisha vidole vidogo kama wafanyavyo watoto, wakaimba ule wimbo wa kwamba atakayedanganya atameza sindano elfu. Walikuwa na miaka kumi na minane, umri wa kuona aibu kwa michezo hiyo, na wote wawili waliona aibu. Hakuna aliyeondoa kidole upesi.

Machi ikafika, wakahitimu. Kule kwao, siku ya kuhitimu, msichana huenda kwa mvulana anayempenda akamwomba kifungo cha pili cha koti la shule, kwa kuwa ndicho kilicho karibu na moyo. Chigusa alijiandaa wiki nzima. Alichukua hata mkasi mdogo wa mama kwenye kasha la ushonaji, akaubeba mfukoni. Kwenye ua wa shule Haruomi alizungukwa na watu. Chigusa akajiambia, nitamwomba stesheni, kesho, watu wakiwa wachache.

Kesho yake Haruomi alikuwa anaondoka kwenda chuo Tokyo. Chigusa alisimama jukwaani na koti zito, mkasi mfukoni. Haruomi aliteremsha kioo cha behewa akatoa kichwa. Alikuwa amevaa koti lile la shule kwa mara ya mwisho, na mahali pa kifungo cha pili palikuwa na uzi mtupu.

"Mbona unanitazama hivyo?" akauliza. "Unataka kusema kitu?"

Chigusa alifungua mdomo.

"Kifungo chako kimekatika," akasema.

Haruomi alitazama kifua chake, akacheka. "Ah, hicho. Kimeombwa na mtu."

Treni ikaondoka. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Cha Chigusa hakikutoa mshindo wowote. Alirudi nyumbani, akaurudisha mkasi kwenye kasha, na mama akamuuliza kama ameshakula.

Baba aliumia mgongo, Chigusa akabaki kumsaidia shambani; mwaka mmoja baadaye, ulipopona, alimfuata Haruomi Tokyo. Akasoma uchoraji miaka miwili, akaingia studio ya Nerima kuchora picha za kati, na ni yeye aliyempeleka Haruomi kwa mwenye studio na kusema huyu kijana anajua kusimulia. Ndani ya miaka sita Haruomi alikuwa anaongoza vipindi vya televisheni. Akaacha kumwita Chigusa, akaanza kumwita Bi Uehara, kwa kuwa mbele za watu haifai, kisha hata walipokuwa wawili tu.

Alipofika miaka ishirini na tisa, Chigusa alitaka kufanya mtihani wa kuwa mchoraji wa picha za msingi. Haruomi alimkuta kwenye mashine ya vinywaji, akamnunulia kopo la chai ya moto.

"Usifanye mwaka huu," alisema. "Ukiondoka kwenye ukaguzi, mistari yote itaanguka. Sina mtu mwingine ninayemwamini."

"Lakini kipande cha mwisho ni cha mchoraji wa picha za msingi."

Alisema hivyo bila kumtazama. Haruomi alichelewa kidogo kuelewa kipande kipi.

"Ah! Ile ya ziwa? Tukifika huko, Bi Uehara, nani ataniuliza cheti?"

Basi hakufanya mtihani. Mwaka uliofuata hakufanya pia, na baada ya hapo hakuna aliyemkumbusha.

Mama alimtafutia mchumba. Bwana Sugimori, wa chama cha ushirika cha wakulima, mtu mpole mwenye masikio makubwa. Walikula tambi za soba pamoja, naye akasema, "Kama kuna mtu unamsubiri, niambie tu, sitakasirika." Chigusa alitazama bakuli lake. Bwana Sugimori alisubiri tambi zikapoa, kisha akainamisha kichwa na kulipa. Alioa mwalimu wa watoto wadogo, na kila Novemba hutuma sanduku la matofaa.

Haruomi naye alioa, mwanamke aliyeitwa Satsuki, mwenye kucheka kwa sauti na kukumbuka majina ya watu. Ule ubao wa kuwakaribisha wageni mlangoni mwa ukumbi, unaochorwa sura za maharusi, Haruomi aliuomba kwa Chigusa. "Hakuna anayenichora vizuri kama wewe," alisema. Ilikuwa kweli. Aliuchora siku tatu. Watu walipiga picha mbele yake.

Kwa hiyo, jambo moja tu lilibaki ambalo lilikuwa lake duniani, na habari zake zilimfikia akiwa na miaka arobaini na mitatu. Haruomi alishuka ngazi mbili mbili, akasimama katikati ya ofisi, akasema filamu imepata wafadhili. Ni ile ya ziwa.

Watu walipiga makofi. Fusae Ikoma, mkuu wa rangi, mwanamke mnene aliyetafuna ngisi mkavu kutwa nzima, alimpiga Chigusa kiwiko.

"Shoga, mbona umekuwa mwekundu?"

"Joto."

"Joto la Desemba?"

Vipande vya filamu viligawiwa kidogo kidogo kwa miezi minane. Chigusa alikagua vya wengine na kungoja. Alinunua penseli mpya, akazichonga, akaziweka kwenye droo. Jioni, nyumbani, alifanya mazoezi ya vidole vya msichana vinavyoachia kamba. Alijaza madaftari mawili. Hakwenda kuuliza. Ahadi inayoulizwa, aliona, si ahadi tena, ni deni.

Siku ya Agosti, akiwa ameinama mezani, aliisikia sauti ya Haruomi upande wa pili wa rafu ya bahasha. Alikuwa amesimama kwenye meza ya Mirei Todoroki, binti wa miaka ishirini na minne ambaye mkono wake ulikuwa gumzo la mji mzima.

"Kipande namba elfu moja mia moja themanini na saba," Haruomi alikuwa anasema. "Pale anapoiachia kamba. Nimekuwekea wewe. Picha ya mwisho itakuwa yako."

Ni maneno yaleyale, kwa mpangilio uleule.

"Mimi? Mwongozaji, jamani, nitaharibu!"

"Hutaharibu. Bi Uehara atakukagua. Eti, Bi Uehara?" Akachungulia juu ya rafu, uso mchangamfu. "Huyu, Mirei, ndiye aliyenichorea msichana wa kwanza kabisa, kwenye karatasi za shule. Tuliapa kwa sindano elfu! Wewe umeshameza ngapi mpaka sasa?"

Watu wa meza za jirani walicheka. Ni utani wa kazini tu.

"Sijazihesabu," alisema Chigusa.

"Mnaona? Hajambo." Akagonga rafu mara mbili kwa kiganja, akaondoka.

Fusae alikuwa amekuja kuchukua bahasha, akasikia yote. Alingoja ngazi zitulie.

"Hicho si kipande alichokuahidi?"

"Tulikuwa watoto."

"Watoto, eh? Miaka ishirini unanieleza habari za kamba kila tukinywa pombe ya Mwaka Mpya. Nenda ukamwambie."

"Nimwambie nini?"

"Anza na 'mbwa wewe'. Mengine yatakuja yenyewe."

Hakwenda.

Picha za Mirei zilifika mezani wiki ya kwanza ya Oktoba. Chigusa alizipekua akitafuta ubaya. Zilikuwa nzuri kupita kiasi. Msichana amesimama juu ya barafu, upepo unaivuta skafu yake, vidole vinaachia kamba kimoja kimoja. Kisha anatazama kifua cha kijana aliye kwenye mlango wa chombo, na pale kifuani, mahali pa kifungo cha pili, pana uzi mtupu.

Chigusa aliiweka karatasi chini. Akaiinua tena.

Jambo hilo halikuwamo katika hadithi ya shuleni. Liliongezwa. Kumbe Haruomi alikuwa anakumbuka.

Akatoa karatasi ya muda, ile inayopanga kila kitu fremu kwa fremu. Kwenye safu ya mdomo Haruomi alikuwa amevuta mwenyewe mstari mwekundu kutoka juu hadi chini: *umefumba*. Sekunde sita, fremu mia moja arobaini na nne. Msichana anamtazama kijana, hasemi, chombo kinapaa, filamu imekwisha.

Alikaa na bahasha ile siku mbili. Siku ya tatu alifika studio saa moja asubuhi, kabla ya wote. Kila mchoraji ana kioo kidogo mezani cha kujitazamia sura anapotaka kuchora kicheko au kilio. Cha Chigusa kilikuwa na vumbi, kwa kuwa mkaguzi hahitaji uso. Alikifuta kwa mkono wa sweta. Akajitazama. Mwanamke wa miaka arobaini na minne, mistari miwili imeshuka kutoka puani hadi pembe za mdomo, kama mabano yaliyozunguka kitu ambacho hakikuandikwa.

Akayasema yale aliyoyameza stesheni. Kwa sauti, kwenye kioo, kwa lafudhi ya kwao ya milimani ambayo Tokyo ilikuwa imeifuta zamani. Ilikuwa mara ya kwanza maishani maneno hayo kutoka kinywani mwake, na yalitoka kama kikohozi. Akayasema tena polepole, mkono ukichora. Hakutumia zile hali tatu. Alichora mdomo halisi, jinsi midomo inavyokutana, jinsi ulimi unavyogusa nyuma ya meno, jinsi kidevu kinavyotetemeka mwishoni. Picha ishirini na sita. Akazihesabia fremu, akaufuta ule mstari mwekundu, akaandika namba mpya, akapiga muhuri wake kwenye kisanduku cha mkaguzi.

Fusae aliileta ile bahasha mwenyewe baada ya siku nne, akiwa ameikumbatia kifuani.

"Ishirini na sita kwa mdomo mmoja?" alinong'ona. "Huyu anasema nini, anasoma bajeti ya serikali?"

Fusae akavuta kiti, akazipekua picha kwa kidole gumba mara moja, mara mbili, midomo yake mwenyewe ikifuatisha. Mara ya tatu akaacha kutafuna.

"Chigusa."

"Naam."

"Ataiona mbele ya watu wote. Unajua?"

"Najua."

"Hungeweza kumwandikia barua kama mwanadamu?"

"Barua angeisoma peke yake," Chigusa alisema, "kisha angesema haikufika."

Fusae akainuka na bahasha yake. "Nitaupaka rangi mwenyewe huo mdomo," akasema. "Vijana watauharibu."

Ukaguzi wa pamoja ulifanyika chumba cha chini, watu kama thelathini kwenye viti vya kukunja, skrini ukutani. Desturi ni kwamba vipande vinapita kimoja kimoja, na anayeona kosa analitaja kwa sauti: "Rangi!" "Kivuli!" "Mkono!" Kosa linaloitwa zaidi ya yote ni la mdomo, kwa kuwa wachoraji wamechoka na midomo ni mingi. Chigusa alikaa nyuma karibu na mlango. Vipande vilipita. Barafu, kamba, vidole, uzi wa kifungo.

Kisha yule msichana akafungua mdomo na kusema.

Hakukuwa na sauti, kwa kuwa hakuna mwigizaji aliyepewa maneno. Lakini alisema. Chigusa aliona bega la Haruomi, katika safu ya mbele, limeganda.

"Mdomo!" mtu akaita kutoka kulia, kwa mazoea.

"Mdomo," mwingine akaitikia, na watu wakaanza kucheka, kwa kuwa kosa lilikuwa kubwa na la mahali pabaya.

"Simamisha," Haruomi alisema. "Rudisha."

Wakarudisha. Msichana akasema tena. Wakarudisha mara ya tatu.

"Mimi sikuchora hivyo, Mwongozaji," alisema Mirei kwa hofu. "Karatasi yangu ilisema umefumba, naapa."

"Kwani anasema nini?" aliuliza mmoja wa wafadhili, mzee wa tai ya kijani.

"Anasema 'nina njaa, rudi'," mtu akajibu, na sasa chumba kikaangua kicheko chote.

"Hasemi kitu," Haruomi alisema. Hakugeuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, hata ya utani. "Ndiyo maana yenyewe ya filamu, kwamba hasemi. Bi Uehara! Miaka ishirini bila kosa, na la kwanza unanipa kwenye kipande cha mwisho?"

Watu wakageuka kumtazama. Chigusa alisimama, akainama kama ilivyo desturi.

"Samahani sana," alisema. "Ni kosa la mkaguzi."

"Tunazeeka sote. Kinachofuata!"

Karatasi ya marekebisho ilikuwa mezani kwake asubuhi. Mbele, kwa mwandiko wa karani: *Kipande 1187. Mdomo unatembea bila sauti. Ufungwe. Alhamisi.* Aliigeuza kutafuta sahihi. Nyuma palikuwa na penseli, mwandiko alioujua tangu wakati wa jiko la mafuta ya taa:

*Siku ile ya kifungo nilikuelewa. Nilijua kabla hujafungua mdomo. Ukimya ule ndio nimeishi nao na ndio uliotengeneza filamu hii. Tafadhali usiuharibu.*

Alisoma mara moja tu. Hakuwa mtu wa kuhitaji kusoma mara mbili.

Fusae aliisoma mara tatu, na kila mara rangi ya uso wake ilibadilika. "Alijua! Alijua, akakununulia chai ya kopo! Alijua, akakuchorisha sura ya mkewe! Bibi wewe, chukua hiyo meza ya taa umpige nayo kichwani, mimi nitasema ilianguka."

"Fusae."

"Nini?"

"Tazama hapa."

Chigusa aliweka kwenye skrini yake vipande vyote viwili, chenye mdomo na kisicho na mdomo, akavicheza kwa zamu. Msichana anasema, chombo kinapaa. Msichana hasemi, chombo kinapaa. Mara tano, sita. Fusae alitaka kusema kitu, akaacha, kwa kuwa naye alikuwa na macho ya kazi. Kile cha kwanza kilikuwa mwanamke mmoja akimwomba mwanamume mmoja. Kile cha pili kilikuwa ziwa lote, barafu yote, na kila mtu aliyewahi kusimama stesheni.

"Yuko sahihi," Chigusa alisema.

"Laana yake," Fusae alisema polepole. Hakubisha.

Akazitoa picha ishirini na sita kwenye bahasha. Akachukua karatasi moja safi, akachora mdomo umefumba, mistari miwili, kazi ya nusu dakika. Akauvuta upya mstari mwekundu, fremu mia moja arobaini na nne. Akapiga muhuri. Jumatano mchana bahasha ilikuwa imesharudi, siku moja kabla ya muda, na karani akamsifu.

Majira ya kuchipua filamu ilioneshwa katika mji wa kwao kabla ya popote, ukumbi wa manispaa, bure kwa wakazi. Haruomi alihutubia, akasifiwa na meya, akapewa maua. Satsuki alimwona Chigusa kwenye varanda, akamshika mikono yote miwili.

"Haruomi ananiambia ule ukimya wa mwisho ndio uliomtesa kuliko vyote," alisema, macho yameloa. "Unajua aliutoa wapi?"

"Hapana," alisema Chigusa.

"Hata mimi haniambii!" Akacheka, akapita kuwasalimu wengine, kila mtu kwa jina lake.

Chigusa alikaa na mama yake safu ya kumi na mbili. Mama alikuwa na miaka sabini na minane, masikio mazito, na kwa sababu hiyo alinong'ona kwa sauti ya sokoni. Alisinzia katikati. Aliamka chombo kilipoanza kupasua barafu. Ukumbi mzima ulikuwa unavuta kamasi. Msichana akaachia kamba, akatazama uzi wa kifungo, akanyamaza, sekunde ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Mbona hasemi?" mama aliuliza. Watu wa safu ya mbele waligeuka.

"Mama, taratibu."

"Anaondoka yule! Si aseme! Ana mdomo, ananyamaza kama gogo. Mjinga mkubwa." Chombo kilipaa, skrini ikawa nyeupe, majina yakaanza kupanda. Mama alikuwa bado hajaridhika. "Nani kamchora hivyo, mdomo umefungwa?"

Jina la Mirei Todoroki lilipita, kubwa, peke yake. Ya wakaguzi yalikuwa chini, madogo, yakienda upesi.

"Mimi," alisema Chigusa.